Mwanao ni nani akiwa ndani ya mchezo?

Wazazi wengi wa Gongo la Mboto wakisikia neno "gemu" hufikiria kibanda chenye runinga, vijana wawili wakicheza mpira wa kwenye kioo na mwenye kibanda akihesabu dakika zake. Picha hiyo si ya uongo, lakini imeachwa nyuma. Mchezo unaowashughulisha watoto wengi hivi sasa umo ndani ya simu ya mama. Hauna mpira, hauna mshindi wala kipenga cha mwisho. Ni mji wa kubuni. Mtoto huingia humo akajichagulia jina, mavazi, nyumba na kazi: huyu polisi, yule daktari, mwingine mama wa familia. Kisha hukutana na watu asiowajua, kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja akiigiza nafasi aliyojitwalia.

Mji mashuhuri wa aina hiyo ni Brookhaven, uliofunguliwa mwaka 2020 ndani ya Roblox, jukwaa ambalo lenyewe lilianza kutumika mwaka 2006. Humo hakuna adui wa kumshinda. Kazi ni kuigiza maisha. Vijana wakubwa nao wapo wanaougeuza mchezo wa Grand Theft Auto V, uliotoka mwaka 2013, kuwa mji wenye askari, hospitali na magenge, ilhali wapimaji wa michezo wa Ulaya wameuwekea umri wa miaka 18.

Hivi karibuni mama mmoja alileta swali mbele ya kamati ya msikiti wetu. Binti yake wa miaka kumi na mmoja ana jina jingine mchezoni, na humo ana "baba" aliyemchukua kuwa mwanawe katika familia ya kuigiza. Kila jioni "baba" huyo humwuliza kama amekula na kama amemaliza kazi za shule. Baba mzazi ni dereva wa malori. Siku nyingi yuko njia ya Tunduma. Mama aliuliza mambo mawili: je, kujifanya mtu mwingine ni uongo? Na je, amnyang'anye mtoto simu?

Maswali hayo si yake peke yake, na hayajibiki kwa neno moja.

Kuigiza na kudanganya

Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaona wanasesere wa Bi. Aisha (R.A.), na katikati yao farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Alipouliza inakuwaje farasi awe na mbawa, Bi. Aisha alimkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman (A.S.), naye Mtume akacheka. Hakumwambia kuwa amesema uongo.

Waliopita katika vyuo vyetu wanaijua pia Maqamat ya al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122. Mhusika wake, Abu Zayd wa Saruj, hujitokeza kila mji kwa sura nyingine: hapa mhubiri, pale kipofu. Kitabu hicho kimesomeshwa kwa karne nyingi kwa ajili ya ufasaha wake, na mwandishi mwenyewe katika dibaji alijitetea kwa kanuni ya nia.

Kwa nini basi haya hayahesabiwi kuwa uongo? Kwa sababu mwandishi anajua kuwa anabuni, na msomaji naye anajua. Uongo huanza pale mmoja anapojua kuwa ni mchezo na mwingine hajui, au pale mmoja anapoutumia mchezo kuficha alichokikusudia. Mtoto anayejifanya daktari mbele ya wenzake wanaojua kuwa wanacheza hajadanganya. Mtu mzima anayejifanya mtoto ili aaminiwe na watoto amedanganya, hata kama wote wamo ndani ya mchezo mmoja.

Kalamu ilitangulia

Kuvaa sauti ya mtu mwingine kwa maandishi si jambo geni katika pwani yetu. Katika Mombasa ya karne ya 19, Muyaka bin Haji alijibizana kwa mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu, kila mmoja akiusemea mji wake. Hapa Tanzania, Mathias Mnyampala ndiye aliyeieneza ngonjera, na kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Wengi wetu tulisimama mbele ya shule, mmoja akapewa nafasi ya mvivu na mwingine ya mkulima hodari. Aliyekuwa mvivu alilazimika kuutetea uvivu kwa vina na mizani, kisha akaisikia hoja yake ikivunjwa mbele ya walimu na wazazi, na mwisho akakubali. Alikwenda nyumbani akijua kuwa si mvivu, bali amejua mvivu hufikiri vipi.

Vivyo hivyo kurasa za mashairi za magazeti, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923. Malenga wengi walijitungia lakabu na kutupiana mafumbo kwa miezi. Lakini pamoja na lakabu, malenga aliweka mara nyingi sanduku lake la posta. Mhariri alimjua, na aliyetaka kumjibu alijua pa kumpata.

Hata michezo ya mtandaoni imezaliwa na maandishi. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, kisha Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika anachotaka kukifanya, na wenzake waliokuwa wameingia wakayasoma matendo yake. Mji wa picha anaouzurura mtoto wako ni mjukuu wa ule mji wa maneno.

Tofauti iko wapi?

Ikiwa asili ni moja, kwa nini ngonjera haikututia hofu na huu unatutia? Nimezitazama tofauti nne.

Ya kwanza ni sababu ya tendo. Mchezoni mtoto hubonyeza mlango ukafunguka. Kwenye karatasi hana budi kueleza ni nani anayeufungua, anamwogopa nani, na anatafuta nini ndani. Picha humwonyesha tendo. Maandishi humdai nia yake.

Ya pili ni muda. Mwenye kuandika husita, hufuta, husoma tena. Mwenye kuzungumza kwa sauti ndani ya mchezo hujibu papo hapo, akiwa amezungukwa na makelele ya watu asiowaona. Tusi linaloweza kukomea kwenye ncha ya kalamu hutoka kabla hajalipima, nasi tunaamini, kama ilivyokuja katika Suratu Qaf aya ya 18, kwamba hakuna neno linalotamkwa lisiandikwe.

Ya tatu ni mashahidi. Ngonjera ina mwalimu, shairi la gazeti lina mhariri. Mji wa mchezo una watu wengi lakini mara nyingi hauna shahidi, kwa maana ya mtu mzima anayemjua mtoto kwa jina la ukoo wake.

Ya nne ni mwisho. Shairi lina beti ya kufungia na hadithi ina ukurasa wa mwisho. Mji wa Brookhaven haulali. Ukitoka, wengine wanaendelea, na mtoto hulala akifikiria kilichompita. Tena mji huo una maduka: nguo, magari na nyumba za fahari hununuliwa kwa sarafu iitwayo Robux, na Robux hununuliwa kwa fedha halisi. Wapo wanaoshangaa salio lao limekwenda wapi, kumbe limenunua kofia isiyovalika.

Hata hivyo insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Mchezo wa pamoja hufundisha kupanga kazi, kungoja zamu na kupatana juu ya kanuni. Mtoto mwenye haya, asiyethubutu kusimama mbele ya darasa, huweza kupata ulimi humo. Na maandishi nayo si salama kwa kuwa ni maandishi tu. Sauti nzito humfichua mtu mzima. Maandishi humficha kabisa. Kuigiza kwa kuandikiana na mgeni katika sanduku la faragha kuna hatari kuliko kucheza kwa sauti na binamu zako wa Chanika. Kwa hiyo tusihukumu chombo peke yake. Tuulize kama zile nguzo zipo: wote wanajua kuwa ni mchezo, yupo mtu mzima anayeona, na upo mwisho.

Jibu kwa mzazi

Yule mama hakumnyang'anya mtoto simu. Alikaa naye mkekani akamwomba amtembeze katika mji wake, amwonyeshe nyumba yake na jamaa zake. Mtoto alifurahi, akaeleza yote. Katika kueleza ikabainika kuwa "baba" wa mchezoni alikuwa amekwisha kumwomba namba ya simu ili wazungumze nje ya mchezo, tena amemwambia asimwambie mama. Hapo mchezo ulikuwa umekwisha na jambo jingine limeanza. Mtu huyo alizuiwa na kuripotiwa kwa wenye jukwaa. Lau simu ingepokonywa kwa ukali siku ya kwanza, mtoto angetafuta simu ya jirani, na siri ingebaki siri. Baba mzazi naye sasa hupiga simu kila jioni, popote lori lilipoegeshwa, akamwuliza binti yake amekula nini.

Kwa wazazi wengine tunashauri haya. Muulize mwanao maswali matatu bila kufoka: wewe ni nani humo, uko na nani, na mnamaliza saa ngapi? Ingia katika mipangilio ya wazazi ya jukwaa lenyewe ukafunge mazungumzo na wageni. Mfundishe kuwa mtu yeyote anayetaka kuhama naye kutoka mchezoni kwenda kwenye namba binafsi, au anayeomba picha, au anayesema "usimwambie mama," habari zake ziletwe nyumbani siku hiyo hiyo. Ukihofia kuwa mtoto anadhuriwa, ipo namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, na yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi.

Aidha, tusimwite kila mtoto anayependa mchezo kuwa ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa michezo ya kielektroniki katika orodha iliyoanza kutumika mwaka 2022, lakini limeweka vipimo: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Anayecheza saa moja kisha akaenda kuswali na kulala hayumo humo.

Lililo kubwa zaidi ni kumrudishia mtoto kalamu. Mwambie aandike ukurasa mmoja juu ya siku moja ya mhusika wake: aliamka wapi, alimkosea nani, alijuta nini. Usome alichoandika, umwulize swali moja la kweli. Utayajua mambo ambayo hata ukikodolea kioo chake usiku kucha hutayaona. Nasi walimu wa madrasa tuirudishe ngonjera katika mahafali yetu, si kama pambo la kujaza ratiba, bali watoto waitunge wenyewe: mmoja awe mgeni wa mtandaoni mwenye maneno matamu, mwingine awe mtoto aliyeombwa namba ya simu. Wabishane mpaka mtoto apate la kujibu. Siku atakapoombwa namba kwa kweli, jibu atakuwa nalo mdomoni.