Sumaku haibadilishi umbo la maji

Swali ni lile lile, na huulizwa na mtu ambaye pesa imeshamtoka: "Mwalimu, eti hii chupa ya sumaku inapanga molekuli za maji ziwe na pembe sita?" Kainunua Kariakoo, na kaambiwa maji yaliyopangwa hivyo hupenya haraka mwilini, yakashusha presha na sukari. Hapana. Hayapangwi, na hayashushi.

Umbo la molekuli ya maji huamuliwa na elektroni zake. Oksijeni ina elektroni 6 za nje: mbili zinaungana na elektroni za haidrojeni mbili na kufanya jozi mbili, nne zilizosalia zinakaa jozi mbili zisizoshika chochote. Jumla jozi nne, zote hasi, kila moja inazikimbia nyenzake. Zingekuwa sawa, zingeachana kwa nyuzi 109.5 kama kwenye methani. Ila jozi zilizo huru hujitanua zaidi na kuzibana zilizoshika haidrojeni, pembe ikashuka hadi 104.5. Wanakemia Gillespie na Nyholm waliieleza kanuni hii mwaka 1957, na mwanafunzi yeyote huitumia kwa penseli tu. Kaboni ya kwenye kabonidayoksaidi imeshika oksijeni mbili tu na haina jozi huru, ndiyo maana molekuli ile imenyooka, nyuzi 180. Sumaku ya kwenye chupa haimo popote katika hesabu hiyo.

Pembe sita zipo, lakini kwenye barafu. Barafu inayomwagiwa samaki pale soko la Feri imejipanga kwa pete za molekuli sita sita zenye uwazi katikati, na kwa sababu hiyo huelea. Ikiyeyuka, mpangilio umekwisha. Katika maji ya kunywa, molekuli hushikana na kuachana ndani ya sehemu chache tu za trilioni za sekunde. Hata chupa ingezipanga, zingepanguka kabla hujainua mkono.

Na wanaosema sumaku ina nguvu za ajabu wafikirie mashine ya MRI. Mgonjwa analazwa ndani ya sumaku inayoishinda ile ya chupa mara nyingi mno, na zaidi ya nusu ya mwili wake ni maji. Inampiga picha, basi. Haimtibu presha.

Kinachoniuma si bei ya chupa. Ni mama wa watu anayeacha vidonge vyake kwa sababu ana chupa.

Unataka maji salama? Yachuje kwa kitambaa safi yakiwa na tope, yachemshe mpaka yatokote dakika nzima, yafunike. Huna mkaa wala gesi, tumia vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, subiri nusu saa. Maji ya kisima yenye chumvi hayaponi kwa kuchemsha. Yanahitaji mtambo wa kuchuja chumvi. Dawa za presha na sukari endelea nazo mpaka daktari aliyekupima aseme vingine.