Kupiga Kambi kwa Gari Kati ya Nyika Kavu na Ziwa Viktoria

Gari-nyumba ni gari, au tela linalokokotwa na gari, lililotengenezewa ndani yake vitanda, jiko, bafu na matangi ya maji, ili wasafiri walale popote wanapofika bila kutegemea hoteli. Nchini Marekani mtindo huu umeota mizizi katika jangwa la Arizona na California, kando ya mto Colorado, ambako mabwawa ya miaka ya 1930, yakiwamo Hoover lililokamilika mwaka 1936 na Parker lililokamilika mwaka 1938, yaliacha maziwa makubwa katikati ya mchanga na mawe. Kila majira ya baridi wastaafu kutoka majimbo yenye theluji huhamia huko kwa miezi kadhaa, na mji mdogo wa Quartzsite huzungukwa na maelfu ya magari ya aina hiyo.

Kanda ya Ziwa nchini Tanzania haina jangwa la namna hiyo, lakini nyika ya Misungwi, Kwimba na Simiyu hukauka kati ya Juni na Septemba hadi mifugo ikategemea malambo, huku si mbali upande wa kaskazini limetanda Ziwa Viktoria lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800. Anayepiga kambi hapa hukabiliwa na swali lile lile la jangwani, nalo ni umbali gani akae kutoka majini. Na jibu lake lina uzito zaidi hapa, kwa kuwa maji haya yana wakazi wengi.

Kwa anayeelekea ziwani kwa gari, Usagara, wilayani Misungwi, ndipo njia zinapogawanyika. Barabara moja huelekea jijini Mwanza. Nyingine huenda magharibi hadi Kigongo na kuvuka Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025 na kuwaondolea wasafiri wa Sengerema na Geita adha ya kusubiri kivuko. Na ya tatu ni mchepuo wa kwenda Kisesa, ambao huliwezesha gari kubwa kuifikia barabara ya Musoma bila kupenya katikati ya jiji. Kutoka Kisesa safari hupita Magu na Lamadi hadi lango la Ndabaka, mahali ambapo mkono wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti unakaribia kabisa Ghuba ya Speke. Magari-nyumba makubwa ya Kimarekani ni nadra katika njia hii; yanayoonekana zaidi ni Land Cruiser zenye hema la kukunjwa juu ya paa, na malori yaliyogeuzwa kubeba watalii pamoja na mahema na masufuria yao kutoka nchi moja hadi nyingine.

Ndani ya hifadhi, Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, limetenga kambi za aina mbili: kambi za umma, ambazo zina vyoo na jiko la pamoja, na kambi maalumu, ambazo hukodishwa kwa kundi moja tu na hazina huduma, hivyo maji ya kunywa, nishati ya kupikia na taka zote huwa mzigo wa gari. Kambi hizi hazizungushiwi uzio, na wanyama hupita humo kama wanavyopita kwingine.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Hema la usiku mmoja si shughuli ya kudumu, lakini mpiga kambi mwenye busara atakichukua kipimo hicho kuwa kiwango cha chini kabisa, kwa sababu ukanda huo una wenyewe. Kiboko hutoka majini giza likiingia, huenda kula majani hata umbali wa kilomita kadhaa, kisha hurudi kabla ya mapambazuko, na hupenda kufuata njia ile ile usiku baada ya usiku. Njia yake hutambulika kwa mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati yake tuta jembamba ambalo mara nyingi limeota majani, kwa kuwa miguu ya kushoto na ya kulia imeachana sana kwa upana wa mwili wake. Hema lililosimikwa juu ya tuta hilo limemzibia mnyama mkali njia ya kurudi majini. Kwenye mto Grumeti, unaotiririka kuelekea ziwani, mamba ni wakubwa mno, na kuchota maji ukingoni kwa ndoo ni jambo lisilofaa kufanywa hata mchana.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Kichocho husababishwa na minyoo ambayo sehemu ya maisha yake hupita ndani ya konokono wa maji baridi. Viluwiluwi wanaotoka kwa konokono hao huogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, hasa penye maji yaliyotulia na majani mengi. Kwa kuwa viluwiluwi hao hawaishi muda mrefu nje ya mwili, maji ya kuogea yaliyohifadhiwa kwenye tangi lisilo na konokono kwa siku mbili kamili, au yaliyochemshwa, huwa yamepoteza hatari hiyo. Hapa ndipo tangi la gari linapothibitisha faida yake kuliko kitanda au jiko. Aliyekwisha kuoga ziwani anapaswa kupimwa baada ya majuma kadhaa, na ugonjwa ukionekana, dawa ya prazikwanteli huutibu.

Upepo nao una ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku wa manane nchi hupoa, na hewa hugeuka kuelekea ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda na kuzaa ngurumo ambazo wavuvi huziogopa kabla ya alfajiri. Kwa hiyo makaa yanayoachwa usiku ni heri yawe upande wa ziwa, ili cheche zisirudishwe kwenye turubai. Ardhi pia huchaguliwa: udongo wa kichanga wa miteremko, ambao Wasukuma huuita luseni, hunyonya mvua haraka, ilhali udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, ulio mgumu na wenye nyufa wakati wa kiangazi, hunasa magurudumu baada ya manyunyu ya saa moja.

Linalotia wasiwasi zaidi ni maji machafu. Gari-nyumba huwa na tangi moja la maji ya vyombo na kuogea, na jingine la choo, na dereva aliyechoka hushawishika kuyafungulia kwenye mtaro wa karibu, ambao hatimaye huishia ziwani. Kinyesi hulisha magonjwa ya kuhara, na fosforasi iliyomo katika baadhi ya sabuni hurutubisha mwani pamoja na magugu maji, ambayo tayari yamewasumbua wavuvi tangu miaka ya 1990. Maji ya vyombo yanaweza kumwagwa kidogo kidogo kwenye udongo mkavu, mbali na ufukwe kupita zile meta 60. Ya choo hayana budi kubaki garini hadi kwenye mfumo wa majitaka au shimo lililojengwa, na halmashauri za wilaya zinazopakana na ziwa zingefanya vyema kutenga mahali pa kuyapokea, kwa ada, kabla wageni hawajaongezeka kupitia daraja jipya.