Mvua zikikawia, bei ya mahindi haingoji mavuno

Mfanyabiashara wa mahindi anayesubiri kuona mavuno ndipo akadirie bei, mara nyingi huwa amechelewa. Bei huanza kupanda mkulima akiwa bado anatazama mawingu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2016 na 2017, na waliopata faida na waliopata hasara wote walianzia kwenye mvua zile zile.

Mvua za vuli za 2016 zilikuwa haba mno katika sehemu kubwa ya Kenya, na pia kaskazini na pwani ya Tanzania. Katika maeneo hayo, vuli huvunwa Januari na Februari, na masika huvunwa Julai na Agosti. Mavuno ya vuli si makubwa, lakini ndiyo yanayoziba pengo la miezi ya katikati. Yakikosekana, akiba ya zamani hulazimika kufika mbali zaidi, na wenye akiba hulijua hilo mapema kuliko walaji.

Shambani hasara huja kidogo kidogo. Aliyepanda kwenye udongo mkavu hupata manyunyu, mbegu ikaota, kisha jua likaiua. Kupanda upya ni kununua mbegu mara ya pili, na wengi hawana fedha hiyo. Aliyesubiri naye hubakiwa na siku chache, hivyo huchukua mbegu ya muda mfupi, ambayo kwa kawaida huzaa kidogo, au huhamia kwenye mtama. Hatari kubwa zaidi ni mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu. Wiki mbili za ukame hapo huacha magunzi yenye mapengo, hata kama shamba linaonekana la kijani. Kwa hiyo habari za mtu aliyepita na basi akaona "mahindi yamestawi" si za kununulia mzigo.

Februari 2017 serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Bei ya unga iliendelea kupanda hata Mei serikali ikatoa ruzuku, pakiti ya kilo 2 ikauzwa kwa Sh. 90 za Kenya, huku mahindi meupe kutoka Mexico yakishushwa Mombasa. Kwa mwenye magunia upande wa Tanzania, soko la Kenya lilionekana halina mwisho.

Lilikuwa nao. Nyanda za Juu Kusini hazitegemei vuli. Huko hupandwa mara moja, zaidi Novemba na Desemba, na kuvunwa kuanzia Mei. Mavuno yao ya 2017 yalikuwa mazuri. Juni mwaka huo Tanzania ilipiga marufuku kuuza mahindi nje, mzigo ukajaa ndani, na mwaka 2018 bei zilianguka vibaya. Aliyenunua wakati wa uhaba akafunga ghala akingoja bei ipande tena, alilipia dawa, pango na pengine riba ya benki kwa mali iliyokuwa ikishuka thamani. Kosa lake lilikuwa kuchukua ukame wa kaskazini kuwa ukame wa nchi nzima.

Mvua ya kupita kiasi nayo hupandisha bei, ila kwa njia nyingine. Wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 barabara, madaraja na reli vilikatika Kenya na Tanzania. Katika hali hiyo mahindi yanaweza kuwa rahisi kijijini na ghali mjini wiki hiyo hiyo, na anayefaidi ni mwenye lori linalopita.

Mahindi yaliyovunwa mvua ikinyesha huja sokoni mabichi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Zaidi ya hapo mnunuzi analipia maji, na mzigo ukikaa ghalani huota kuvu, akaukataa mwenye kinu.