Kifaru na Mwindaji Wake: Swali la Istilahi

Waingereza walipounda gari la kwanza la deraya liendalo kwa minyororo, mwaka 1915 na 1916, waliliita tangi ili kuficha siri, wakidai kuwa ni chombo cha maji. Kiswahili hakikufuata hila hiyo. Kilitazama ngozi nene na pembe iliyotangulia mbele, kikasema kifaru. Na upatanisho wa kisarufi ukatenganisha maana hizo mbili: mnyama ni kifaru huyu, mtambo ni kifaru hiki.

Ugumu huanza kwa gari jingine, lililobuniwa hasa kwa kazi ya kupiga vifaru vya adui. Kwa umbo hufanana na kifaru, na mara nyingi huitwa hivyo. Lakini tazama gari la Kimarekani M18, lililoingia vitani mwaka 1944. Lilikuwa na mzinga wa milimita 76, na barabarani liliweza kwenda kilometa 80 kwa saa. Ili lipate wepesi huo lilipunguziwa deraya: chuma cha kiwiliwili chake kilikuwa na unene wa milimita 13 hivi, na chumba cha mzinga kiliachwa wazi juu. Kazi yake ilikuwa kuvizia, kupiga, kisha kuhama. Makamanda walipolitumia kama kifaru cha kawaida, waliokuwamo walikabiliwa na makombora wasiyokuwa na kinga nayo. Kwa hiyo kosa la jina laweza kuwa kosa la matumizi.

Wajerumani walitumia maneno mawili. Panzerjäger, yaani mwindaji wa vifaru, kwanza lilihusu mzinga uliopachikwa juu ya gari jepesi lisilofunikwa. Jagdpanzer, yaani kifaru cha kuwindia, lilihusu gari lililofunikwa pande zote, kama Jagdpanther lenye mzinga wa milimita 88. Katika neno la kwanza msingi ni mwindaji. Katika la pili msingi ni kifaru.

Wamarekani walichagua dhana ya kuharibu. Ikitafsiriwa kuwa kiharibu-vifaru, istilahi yapanuka mno, kwani hata bomu lililofukiwa ardhini huharibu vifaru. Mwinda-vifaru nalo laingia katika ngeli ya watu, na msomaji wa Afrika Mashariki atamfikiria jangili kabla ya kufikiria mtambo.

Lifaalo zaidi ni kiwinda-vifaru. Kiambishi ki- hukiweka chombo katika ngeli ya ala, sawa na kipimajoto na kinasasauti. Kitenzi winda chabeba maana ya kuvizia, ambayo ndiyo siri ya kazi yenyewe. Tena neno hilo halitaji mzinga wala unene wa chuma. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, magari mengi ya aina hii yalipewa makombora yanayoongozwa badala ya mizinga. Uwindaji ukabaki uleule. Istilahi iliyojengwa juu ya kazi hudumu kuliko iliyojengwa juu ya umbo.