Trakta ndogo ya okazioni: tuangalie nini mbele ya kulipa?

Muuzaji atakuambia: "Iko mupya, papa, kamata tu." Rangi inang'aa, matairi ni meusi. Lakini makuta utakayolipa ni ya mahindi ya wanachama wote, na rangi hailimi shamba.

Hesabu kwanza

Trakta ndogo za Japani, kama Kubota, Yanmar na Iseki, nyingi zina nguvu za farasi 15 mpaka 25. Tuseme mashine ya kutifua inayofungwa nyuma ina upana wa mita 1,2. Ikitembea kilomita 2 kwa saa, ukiongeza muda wa kugeuka, hektari moja inakula karibu saa 5. Kooperative ya hektari 40 inahitaji saa 200, ni kusema siku 25 za saa 8. Yenye hektari 100 inahitaji siku zaidi ya 60. Huku Lualaba mvua inaanza Oktoba au Novemba. Atakayefikiwa mwisho atapanda akiwa amechelewa, na hapo ndipo ugomvi unaingia. Andikeni zamu za wanachama mbele ya kununua.

Tena, trakta hii si ya kufungua pori lenye visiki na vichuguu. Ni ya shamba lililokwisha kusafishwa, udongo ukiisha kulowa kidogo.

Kwenye garaji

Nendeni watatu: mekanisie wenu, shofere na mwenye kutunza feza. Gusa motere mbele haijawashwa. Ikiwa tayari ni ya moto, rudi kesho asubuhi uione ikiwaka baridi. Moshi wa bluu unaonyesha inachoma mafuta ya motere. Moshi mweusi usiokwisha: filtri ya hewa imeziba ao mazutu haiungui vizuri. Mafuta ya motere yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia ndani; achana nayo.

Inua mashine ya nyuma, kisha zima motere. Ikishuka mbiombio, mfumo wa mafuta ya kuinulia unavuja. Saa ya kuhesabu kazi ikionyesha saa kidogo na pedali zimelika, usiamini saa, amini pedali.

Kama anasema "imetengenezwa upya", aandike kila piesi aliyobadilisha, na garanti ya miezi mingapi. Uliza piesi zinapatikana wapi: Kolwezi, Lubumbashi, ao ni kungojea mpaka zitoke ng'ambo? Trakta inayongoja filtri mwezi wa Novemba ni sawa na kukosa trakta.

Karatasi

Fakture iandikwe jina la kooperative, si la prezida. Namba ya motere kwenye chuma ifanane na ile ya kwenye karatasi za duane (DGDA).

Kooperative zilizo karibu na migodi, mukumbuke: Sheria ya Migodi ya 2018 inataka kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Munaweza kuomba trakta kwa njia hiyo. Lakini hata ya bure, ikaguliwe vilevile.

Mwisho, musimalize makuta yote siku ya kununua. Wekeni akiba ya mazutu, mafuta ya motere, filtri na mshahara wa shofere wa msimu mmoja. Bila akiba hiyo, trakta italala kwenye hangari wakati mvua inanyesha.