Kabla ya Kuhamia Kwenye Kontena, Jenga Kivuli

Shika barabara yoyote inayotoka Dodoma mjini, iwe ya Morogoro, ya Singida, ya Iringa au ya Arusha, utayaona makontena. Kontena hili ni duka la vifaa vya ujenzi, lile ni saluni, la kule mbele ni ofisi ya mhandisi wa mradi, na lile lenye kufuli kubwa limehifadhi saruji ya mtu anayejenga pole pole. Siku hizi kuna na jingine: lina pazia dirishani, kamba ya nguo kwa nje na jiko la mkaa mlangoni. Humo wanaishi watu.

Sababu haihitaji utafiti. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, mji umetanuka kila upande. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika jiji hili. Mtu amepata kiwanja Nala au Ihumwa, kodi ya nyumba mjini inamla mshahara, na nyumba aliyoichora itamchukua miaka. Kontena linampa kuta, sakafu, paa na mlango unaofungwa, vyote siku moja. Akihama kiwanja, analibeba. Mimi siwacheki wanaofanya hivyo, na wala siamini kwamba kuishi kwenye kontena ni kujishusha. Ninachosikitikia ni namna tunavyoyatengeneza. Fedha inaanzia kwenye rangi, vioo vikubwa na taa za dari, wakati adui yuko juu ya paa anasubiri saa sita mchana.

Wenzetu wa Marekani wana tela za kuishi, zile karavani zinazofungwa nyuma ya gari. Kampuni ya Airstream ilitoa tela lake la bati la alumini liitwalo Clipper mwaka 1936, na hadi leo wapo wanaonunua tela kuukuu na kulirudishia uhai ili wahamie humo. Anayeijua kazi hiyo haanzi na mito wala mapazia. Anaanza kwa kutafuta panapovuja, kwa sababu maji ndiyo yaliyoozesha mbao za ndani. Kwetu tela za namna hiyo ni za kuhesabu. Sanduku letu limekuja na meli, na katika nyanda hizi za kati linaloliua ni joto. Lakini busara ni ile ile: mjue kwanza anayekuharibia, kisha ndipo ushike brashi.

Kontena halikukusudiwa kuwa nyumba. Tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X, kutoka Newark kwenda Houston, na biashara ya dunia ikabadilika kuanzia hapo. Alichotaka ni sanduku linalopangwa moja juu ya jingine bila kufunguliwa njiani. Ndiyo maana nguvu zake zote ziko kwenye nguzo nne za pembeni. Kuta zenye mikunjo ni bati la unene wa milimita mbili hivi, na paa ni jepesi kuliko wengi wanavyodhani. La futi 20 lina urefu wa mita 6.06 na upana wa mita 2.44 kwa nje, na likiwa tupu lina uzito wa tani mbili na ushee. La futi 40 linafika mita 12.19. Kwa ndani upana unabaki mita 2.35, na kila sentimita unayoweka kuzuia joto inapunguza nafasi ya kitanda.

Anayekwenda kununua aingie ndani mchana wa jua kali, amwambie mwenzake amfungie milango, kisha aangalie juu. Tundu la ukubwa wa sindano litaonekana kama nyota. Akitoka, ainame achungulie chini kwenye vyuma vinavyobeba sakafu, maana kutu hupenda kujificha huko. Halafu asome bamba lililopigwa mlangoni. Linaonyesha mwaka kontena lilipotengenezwa, na mara nyingi pia dawa iliyotumika kwenye mbao za sakafu. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Sakafu hizo za plaiwudi zimetibiwa kwa viuatilifu ili zisisafirishe wadudu kutoka nchi hadi nchi, na huwezi kujua kilichomwagikia humo kwa miaka yote ya safari. Kama kuna harufu kali, achana nalo. Hata lisilonuka, sakafu yake ifunikwe vizuri kabla mtoto hajatambaa juu yake. Na kwa bei utakayotajiwa Dar es Salaam, ongeza gharama ya lori na kreni kwa kilomita zisizopungua 450 hadi hapa.

Likishafika, ndipo kazi inapoanza.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta. Jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba. Machi huwa kuna mawingu na mvua. Oktoba hakuna kitu, ardhi imekauka tangu Mei, miti mingi haina majani, na joto la mchana hupita nyuzi 30. Bati la kontena lililoanikwa kwenye jua hilo huwezi kuweka kiganja. Ndani, hewa isiyo na pa kutokea inazidi ya nje kwa mbali. Kisha kibao kinageuka: Juni na Julai usiku unakuwa wa baridi na upepo mkali, chuma kinapoa upesi, na mvuke wa pumzi za waliolala unageuka matone kwenye kuta na kudondoka. Godoro lililoegemezwa kwenye bati tupu litaota ukungu msimu huo huo wa kwanza.

Wagogo, wenyeji wa hapa, waliijua hali hii kabla chuma hakijafika. Nyumba yao ya jadi ni tembe: ukuta wa miti na udongo, mlango mdogo, madirisha machache sana au hakuna kabisa, na juu yake paa bapa la miti na fito lililolazwa udongo mzito. Wasafiri wa Kizungu walipita Ugogo, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliandika habari za tembe. Udongo ule una kazi maalumu. Unachukua saa nyingi kupata moto, hivyo joto la adhuhuri linawafikia waliomo ndani jioni wakati wanalihitaji. Paa hilo hilo lilikuwa mahali pa kuanikia nafaka. Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya 1971, watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, na nyumba bora ikawa ni ya bati. Kwa miaka mingi sasa tembe imehesabiwa kuwa alama ya umaskini. Hilo linaniuma, kwa sababu nimekaa adhuhuri ndani ya tembe na nimekaa adhuhuri chini ya bati lisilo na dari, na hakuna asiyeweza kusema ipi ilijengwa na mtu aliyeijua nchi hii.

Hata hivyo, usichukue udongo ukaumwaga juu ya kontena. Paa la futi 20 lina karibu mita za mraba 15. Ukilitandazia udongo wa sentimita 15 umeweka zaidi ya tani tatu, yaani mzigo unaozidi uzito wa kontena lenyewe, juu ya bati ambalo kwa viwango vya kimataifa linapimwa kwa kilo 300 tu kwenye eneo dogo. Wala usilifukie ardhini, kwa kuwa kuta zake hazikuundwa kusukumwa na udongo.

Tunachoweza kuazima kwenye tembe ni fikra yake. Jenga paa la pili la bati juu ya kontena, lisimame kwenye nguzo zake lenyewe zilizochimbiwa na kumwagiwa zege, liache nafasi ya nusu mita au zaidi ili upepo upite, na lichomoze angalau mita moja na nusu kila upande. Upepo wa Dodoma sote tunaujua, basi lifungwe kwa bolti, misumari pekee haitoshi. Kivuli hicho peke yake kitakusaidia kuliko feni mbili. Lilaze kontena kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi, ili pande ndefu zitazame kaskazini na kusini na jua la asubuhi na jioni likute ncha fupi tu. Kwenye ncha ya magharibi pandisha ukuta wa tofali za udongo, uache upenyo wa shubiri moja kati yake na chuma. Au panda mzabibu kwenye kichanja. Dodoma inavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na ingawa mzabibu uliopogolewa hukaa wiki kadhaa bila kivuli, kwa miezi mingi utakuwa na majani mabichi mahali palipokuwa na moto.

Paa hilo la pili linalipa na kwa njia nyingine. Mvua ya hapa ni kama milimita 550 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Paa la mita 9 kwa 6 linapokea takriban lita 29,700. Toa zinazomwagika na zinazokauka, bado utakinga zaidi ya lita 20,000 ukiwa na mifereji na matangi ya kutosha. Kwa mtu ambaye bomba halijafika kwake na ananunua maji kwa madumu, hiyo ni nafuu kubwa.

Kukata dirisha ni kazi ya kutazamwa kwa karibu. Fundi mzuri wa kuchomelea hachukui grainda moja kwa moja. Kwanza anatengeneza fremu ya bomba la mraba, anaisimamisha ukutani, anaizungushia chaki, halafu anakata akifuata bonde la mkunjo wa bati. Cheche zinaruka hadi upande wa pili, kwa hiyo kuna ndoo ya mchanga pembeni na plaiwudi ya sakafu imefunikwa. Fremu inachomelewa pande zote nne ili irudishe nguvu zilizoondolewa na grainda. Kisha, na hapa ndipo unapomtambua fundi, anachukua brashi kavu na kufagia unga wote wa chuma uliotua kwenye paa na kwenye rangi. Unga huo ukiachwa, mvua ya kwanza ya Desemba itaugeuza madoa ya kutu, na mwenye nyumba atadhani ameuziwa kontena bovu. Madirisha yawe mawili yanayotazamana, madogo, moja chini na jingine juu karibu na dari, ili hewa moto ipate njia. Kati ya bati na bodi za jipsamu za ukuta wa ndani weka kizuia joto bila kuacha mapengo, na usitumie sponji la magodoro. Linashika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Yamebaki mambo ambayo hayana mjadala. Milango ya kontena inafungwa kwa nje, kwa makomeo. Mtoto akicheza nayo, au mwizi akiamua, waliomo ndani hawana pa kutokea. Kata mlango mwingine unaofunguka kutoka ndani kabla ya usiku wa kwanza. Jiko la mkaa lisiingie kabisa, hata lile lililobaki na majivu mekundu usiku wa Julai, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu na sanduku la chuma halina nyufa za kuitoa. Na umeme: waya mmoja uliochubuka ukigusa ukuta, nyumba nzima inakuwa waya. Kontena lazima lifungwe ethi, na swichi kuu iwe ya aina inayokata yenyewe umeme ukivuja. Ardhi yetu inakauka mno kiangazi na ethi ya juu juu inapoteza kazi. Fimbo iende chini sana, mafundi huizungushia mkaa na chumvi, halafu ipimwe Septemba, wakati ardhi ni kavu, kwa sababu kipimo cha Februari kinadanganya.

Kontena likae juu ya misingi ya zege kwenye pembe zake nne, lisiguse udongo, ili maji ya mvua yapite chini na njia za mchwa zionekane mapema. Na kabla ya yote hayo, nenda halmashauri ya jiji ukaulizie kibali cha ujenzi na matumizi ya kiwanja chako. Kontena unalolala ni makazi, hata kama liliingia kiwanjani juu ya lori.

Wasanifu majengo na maofisa wa mipango miji wanaosoma makala hii nawaomba jambo moja. Choreni ramani tatu au nne za kontena la kuishi kwa hali ya hewa ya nyanda za kati, zenye paa la pili, ethi, mlango unaofunguka kutoka ndani na tangi la maji, mzibandike ofisini ili mwananchi achukue nakala pamoja na fomu yake ya kibali. Na wewe uliyekwisha kulipia kontena lako, rangi inaweza kusubiri hadi mwakani. Hakikisha paa la pili limesimama kabla ya Oktoba.