Nani beki bora wa Congo? Bwanga Tshimen, Mwepu Ilunga na mpira wa enzi za mateke

Siku ya Jumatano tarehe 19 Novemba 2025, mjini Rabat, Achraf Hakimi wa Moroko alitangazwa mchezaji bora wa Afrika. Usiku uleule waandishi wa michezo walianza kufungua orodha za zamani wakitafuta: ni lini beki alipata heshima hiyo kwa mara ya mwisho? Jibu lilikuwa mwaka wa 1973, miaka 52 nyuma. Na beki huyo alikuwa Mkongomani aliyechezea klabu kubwa ya Lubumbashi: Bwanga Tshimen.

Kwa vijana wengi jina hilo lilikuwa geni. Kwa wazee waliokuwa wakienda uwanjani enzi za Zaïre, liliamsha mjadala usioisha: nani beki bora ambaye inchi yetu imewahi kutoa? Swali hilo huleta lingine nyuma yake: je, beki wa zamani angeweza kucheza mpira wa leo, wenye kadi na kamera za VAR kila kona?

Wazee husema wachezaji wa leo wamelegea: ukimgusa mtu kidogo tu, anaanguka na kujiviringisha. Vijana hujibu kwamba mabeki wa zamani walisifiwa kwa kukata watu miguu. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini kwanza inafaa kukumbuka mpira wa miaka ile ulichezwaje.

Miguu ya Pelé na taa za barabarani

Tarehe 2 Juni 1962, mjini Santiago, Chile na Italia walicheza mechi ya Kombe la Dunia iliyogeuka kuwa ngumi na mateke. Waitalia wawili walifukuzwa uwanjani, na polisi waliingia zaidi ya mara moja. Muamuzi alikuwa Mwingereza, Ken Aston.

Miaka minne baadaye, Uingereza, ikawa zamu ya Pelé. Mabeki wa Bulgaria walimpiga mateke hadi akakosa mechi iliyofuata. Aliporudi kucheza na Ureno alikatwa tena, na sababu wakati ule sheria haikuruhusu kubadilisha mchezaji, alibaki uwanjani akichechemea hadi mwisho. Brazil ikarudi nyumbani mapema.

Katika Kombe hilohilo Aston alikuwa msimamizi wa waamuzi. Baada ya vurugu za mechi ya Uingereza na Argentina, akiwa njiani mjini London, taa za barabarani zilimpa wazo: njano kwa kuonya, nyekundu kwa kusimamisha. Kadi zilianza kutumika katika Kombe la Dunia la Mexico, mwaka wa 1970.

Kadi hazikumaliza mateke. Mwaka wa 1982 Claudio Gentile wa Italia alimshika na kumkata Maradona mechi nzima, akamaliza na kadi ya njano tu. Mwaka wa 1983 Andoni Goikoetxea wa Bilbao alimvunja Maradona kifundo cha mguu. Hata Afrika ina picha yake: mwaka wa 1990, mjini Milan, Benjamin Massing wa Cameroun alimkumba Caniggia kwa nguvu hadi kiatu chake mwenyewe kikamtoka mguuni. Alipata nyekundu, Cameroun ikabaki na wachezaji 9, na bado ikaishinda Argentina 1-0. Bara zima lilishangilia. Ingekuwa Muargentina aliyemfanyia Roger Milla vile, je, tungecheka?

Ni mwaka wa 1998 ndipo waamuzi waliamriwa kutoa nyekundu kwa anayeingia miguu kutoka nyuma na kuhatarisha mwenzake. Kwa hiyo beki wa mwaka wa 1973 aliishi katika mpira ambao teke lilikuwa njia rahisi. Aliyetaka kulitumia, mara nyingi hakuadhibiwa.

Teke la Mwepu

Hapa ndipo mjadala unapofika kwa Mwepu Ilunga. Dunia inamjua kwa jambo moja: tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Brazil ilikuwa tayari kupiga mpira wa adhabu. Mwepu akatoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Mbrazil hajaugusa. Muamuzi Nicolae Rainea wa Romania akampa kadi ya njano. Wazungu walicheka, wakasema Waafrika hawajui sheria.

Mwepu, ambaye miezi michache mbele alikuwa ameshinda Kombe la Afrika kule Misri, alijua sheria vizuri. Katika mahojiano ya miaka ya baadaye alieleza kwamba wachezaji walikuwa hawajalipwa prime zao. Alieleza pia kwamba baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia, watu wa Mobutu waliwaambia kama Brazil itawafunga 4-0, hakuna atakayerudi nyumbani. Mechi ilimalizika 3-0. Teke lile lilikuwa la mtu mwenye hasira na woga.

Kuna teke lake lingine ambalo halichekeshi. Katika mechi ya Yugoslavia, Mwepu alimpiga muamuzi Omar Delgado wa Colombia teke la nyuma. Muamuzi hakuona ni nani, akampa nyekundu Ndaye Mulamba, mshambuliaji aliyefunga mabao 9 kule Misri, rekodi ya Kombe moja la Afrika. Ndaye alitoka bila kosa. Kadi nyekundu ilikuwa imeonyeshwa kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia siku nne tu mbele, kwa Caszely wa Chile. Mwepu mwenyewe alikubali baadaye kwamba kosa lilikuwa lake. Alifariki mwaka wa 2015, na Ndaye mwaka wa 2019.

Kwa nini Bwanga

Mshambuliaji ana hesabu. Mabao 9 ya Ndaye yameandikwa na hayafutiki. Mipira ambayo beki amemnyang'anya mtu hakuna anayeihesabu, na video za mechi za Lubumbashi na Kinshasa za miaka ile ni chache. Ndiyo maana zawadi ya Bwanga ina uzito. CAF ilikuwa haijaanza kutoa zawadi yake. Iliyotoa ni gazeti la Ufaransa, France Football. Katika mwaka ambao Vita Club ilichukua kombe la klabu bingwa na Zaïre kuifunga Moroko 3-0 mjini Kinshasa njiani kwenda Ujerumani, wapigakura wangeweza kuchagua mfungaji. Walimchagua beki. Mtu hapewi zawadi hiyo kwa sababu ya mateke. Mateke kila timu ilikuwa nayo.

Kuna watakaosema Chancel Mbemba, na wana haki. Novemba hiyohiyo ya Hakimi, nahodha wetu aliifunga Cameroun dakika za nyongeza, kisha akapiga penalti ya mwisho iliyoiondoa Nigeria. Yeye amecheza mbele ya kamera, kila kosa lake limeonekana, na bado amedumu.

Lakini Mbemba ana video, na wajukuu zetu watamuona. Bwanga anabaki katika vichwa vya wazee waliokaa kwenye viwanja vya Lubumbashi, na kila mwaka wanapungua. Mwenye simu akae nao, awaulize na kuwarekodi. Tusingoje Mmoroko mwingine apate zawadi ndipo tukumbuke kwamba wa kwetu alitangulia.